Halloween hii, taa ya barazani

Jamani, wenzangu mliohamia Marekani mwaka huu: tarehe 31 Oktoba ni Halloween, watoto waliovaa mavazi ya kuigiza watawagongea mlango wakidai peremende. Ukitaka waje, washa taa ya barazani. Hutaki? Izime tu, hakuna atakayekununia.

Mwaka jana hapa Minneapolis jirani aliwasha mshumaa ndani ya boga lililochongwa kama pambo, akaliweka kwenye ngazi. Kabinti kamoja kakaja na gauni la malkia linaburura chini, pindo likapita karibu kabisa na moto. Baba yake akakavuta mkono, shwari. Mimi kwangu ni vitaa vya betri, na nyaya za mapambo hazipiti njiani.

Ila moto haunitishi kama magari. Saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia, na watoto wanachomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa, barakoa zimewaziba macho. Wangu nawapaka rangi usoni badala ya barakoa, nawabandikia utepe unaong'aa mgongoni, kila mmoja na tochi yake. Koti linavaliwa ndani ya vazi la simba (simba mnene kidogo, lakini baridi ya huku haina adabu).

Peremende haziliwi mpaka nizikague. Kitinda mimba ana miaka mitatu, zile ngumu za mviringo hapewi, zinakaba koo. Na ukiona boga la rangi ya buluu-kijani mlangoni, ujue hapo kuna zawadi zisizo chakula kwa wenye mzio wa karanga na kadhalika. Mwaka huu naweka langu, na vibandiko nimeshanunua.