Nyayo za Buti Katika Kichochoro cha Ringold

Baba yangu ni fundi viatu karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma, na mimi nilizoea harufu ya ngozi, gundi na nta ya uzi kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana kazi iliponipeleka San Francisco, Marekani, kwa mkutano wa siku nne, sikuwa na haraka ya kwenda kuliona daraja ambalo kila mgeni hulipiga picha. Nilitaka kwanza kuuona mtaa wa Folsom, ambako tangu miaka ya 1960 wanaume wapendao wanaume, waliovalia makoti na buti za ngozi nyeusi, walikuwa na baa zao, vilabu vyao na desturi zao. Wasafiri wengi kutoka huku kwetu hupita hapo bila kujua wanakanyaga nini, nami ningependa wajue.

Mkutano wetu ulikuwa Moscone Center, na historia yenyewe inaweza kuanzia mlangoni pale. Jina hilo ni la George Moscone, meya aliyeuawa kwa risasi tarehe 27 Novemba 1978 pamoja na Harvey Milk, diwani aliyechaguliwa bila kuficha kwamba ni shoga. (Neno hili nalitumia bila dharau, wanawake wa pwani huitana hivyo kwa mapenzi, nami sioni sababu ya kuwaachia wenye matusi.) Kabla ya kuwa meya, Moscone aliongoza maseneta wa chama chenye viti vingi katika Seneti ya jimbo la California, na mwaka 1975 alipigania muswada wa kufuta adhabu kwa watu wazima wanaopendana kwa hiari yao. Kura zilifungana 20 kwa 20, ikabidi naibu gavana, Mervyn Dymally, arudi kwa ndege kutoka Denver ili apige kura ya kuamua. Sheria hiyo ilianza kutumika Januari 1976. Kwa hiyo mambo yote ya miaka ya 1960 nitakayoyasimulia yalitendwa na watu ambao sheria ilikuwa ingali dhidi yao.

Desturi ya ngozi ilitokana na pikipiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wengi walioachiwa hawakurudi vijijini kwao, na baadhi yao walivutiwa na maisha ya waendesha pikipiki, ambao huvaa ngozi kwa sababu ndiyo inayookoa mwili mtu anapoburuzwa barabarani. Mwaka 1954 wanaume mashoga wa Los Angeles waliunda klabu ya pikipiki iitwayo Satyrs. San Francisco, watu hawa walipata makao kusini mwa barabara ya Market, eneo la maghala na karakana ambalo wafanyakazi walilihama kila jioni, likabaki giza, bila majirani wa kulalamika. Hapo ndipo baa ya Tool Box ilipofunguliwa mwaka 1962, kwenye kona ya mtaa wa Nne na Harrison. Ukuta wake mmoja ulichorwa na Chuck Arnett: wanaume warefu, weusi kwa weupe, wenye makoti na kofia, wakimtazama anayeingia.

Ukuta huo ndio ulioitangaza baa nchi nzima. Tarehe 26 Juni 1964 jarida la Life lilichapisha makala kuhusu mashoga wa Marekani, na picha iliyoifungua, iliyotanda kurasa mbili, ilipigwa ndani ya Tool Box, wateja wakiwa wamesimama mbele ya mchoro wa Arnett. Makala haikuandikwa kwa upendo, lakini wanaume wengi waliokuwa wakiishi peke yao katika miji midogo waliiona picha, wakajua kwamba kuna mahali pa kwenda. Mwaka 1966 ilifunguliwa baa nyingine, Fe-Be's, kwenye kona ya Folsom na mtaa wa 11, na Mike Caffee akaitengenezea sanamu kwa kuchukua nakala ndogo ya Daudi wa Michelangelo na kumvisha koti la ngozi, buti na kofia.

Kisha yakaja mapigo. Mpango wa kubomoa na kujenga upya eneo hilo uliimeza Tool Box, na kwa muda ule ukuta wenye mchoro ulibaki umesimama peke yake katikati ya kifusi, ukionekana na kila mwenye gari. Moscone Center yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1981, ni zao la mpango huohuo. Sisi wa Dodoma, tuliozoea kuona viwanja vikipimwa upya, tunajua jinsi mtaa unavyoweza kufutwa kwenye ramani huku watu wake wakiwa hai. Hawa hawakubaki hai wengi, kwa kuwa UKIMWI uliingia wakati huohuo na kuwamaliza vijana kwa maelfu. Maonesho ya mtaa wa Folsom, ambayo siku hizi hufanyika Septemba na kujaza umati mkubwa, yalianzishwa mwaka 1984, katikati ya misiba hiyo, ili kuonyesha kwamba mtaa ule bado una wenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba uende mchana kwanza, ukaione Ringold. Ni kichochoro nyuma ya Folsom, ambako zamani wanaume walikutana baa zilipofungwa saa nane usiku. Tangu mwaka 2017 kina kumbukumbu: jiwe la graniti nyeusi lenye mchoro wa Arnett na maelezo ya Gayle Rubin, mwanaanthropolojia aliyeitafiti jamii hii kwa miaka mingi, na kando ya njia zimepachikwa nyayo za buti za shaba zenye majina ya watu 28. Nilichuchumaa mbele ya unyayo mmoja na kuupima kwa kiganja, kama baba anavyompima mteja. Hapo si mbali na Eagle, baa iliyofunguliwa mwaka 1981, ambayo nje yake sasa pana uwanja wenye bendera ya jamii hii ya ngozi, ya mistari myeusi na ya buluu, mmoja mweupe katikati, na moyo mwekundu pembeni. Tony DeBlase, aliyeibuni, aliionyesha bendera hiyo kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989.

Usiku beba pasipoti, kwa sababu aliye chini ya miaka 21 haingii, na vaa nguo nzito, maana baridi ya huko inaushinda upepo wetu wa Julai. Hulazimiki kuvaa ngozi. Simu ibaki mfukoni. Huku kwetu sheria bado inaadhibu vikali, na sura utakayoirusha mtandaoni kwa kufurahisha wenzako inaweza kuwa ya Mtanzania mwenzako, ambaye ana mama na kazi huku nyumbani.

Pale Eagle nilikaa na mzee mmoja aliyevaa kizibao kilichojaa beji za vilabu vya pikipiki. Nilimwambia kwamba mimi ni mtoto wa fundi, akakivua bila neno na kunipa. Ngozi ilikuwa imelainika kama kitambaa, na mshono wote ulikuwa wa zamani isipokuwa begani, ambako uzi ulikuwa mpya na mweusi zaidi. Aliniambia kwamba kizibao kilikuwa cha rafiki yake aliyefariki mwaka 1986, na kwamba bega lile amelishona mwenyewe mara tatu, kwa mkono, kwa sababu hataki kukiacha kwa fundi hata usiku mmoja.