Kandambili iliyoificha Glock yangu

Nimechoka kuambiwa kwamba bastola ndogo ya kubeba kiunoni haifai kitu mpaka uibandike makorokoro ya dola mia nne. Naishi Houston, nafunga duka saa tano usiku nikiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni. Glock 43X yangu nimeiweka sawa kwa pesa ambayo sidhani kama ilifika dola mia mbili, na humo nimehesabu hata zile nilizozitupa kwa kufuata ushauri mbovu.

Ushauri wenyewe nilipewa na muuzaji wa duka la silaha, kisha akaukazia jamaa mmoja tunayesali naye. Wote waling'ang'ania kwamba shida ni triga. Eti ya kiwandani ni nzito, ninunue springi nyepesi nione raha. Nikanunua, dola ishirini na kitu. Nilipoijaribu nyumbani bastola ikiwa tupu, kweli triga ilikuja laini, nikajiona nimepata.

Jumamosi nikaenda kulenga shabaha. Risasi tatu za kwanza zikaenda vizuri. Ya nne nikavuta, nikasikia "tik" basi. Sikuishusha bastola. Niliuacha mtutu ukielekea kwenye shabaha, nikahesabu hadi thelathini, maana kuna risasi inayochelewa kuwaka. Nikaitoa, nikaendelea. Kufikia risasi ya hamsini, tatu zilikuwa zimegoma. Mzee anayesimamia pale akaziokota na kunionyesha kitakoni: alama iliyogongwa kwenye kiwashio, kile kiduara kinachowasha baruti, ilikuwa ndogo, kama umebonyeza kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza swali moja tu, "Umegusa springi?"

Ndipo akanielewesha jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Kwenye Glock, kidole chako kinapovuta triga ndicho kinachomalizia kuikaza springi inayosukuma pini ya kugonga kiwashio. Ukiweka springi dhaifu, ni kweli triga inakuwa nyepesi, lakini pini nayo inagonga kinyonge, na risasi yenye kiwashio kigumu hailipuki. Usiku uleule nikairudisha springi ya kiwandani. Triga inavutwa kwa uzito wa kama kilo 2.5, na hizo zimenitosha. Kilichoilainisha ni mazoezi: bastola tupu, nimeikagua mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, na sarafu ya shilingi mia imelazwa juu ya slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza. Navuta polepole, sarafu isianguke. Dakika kumi kila jioni kwa mwezi mmoja, bila gharama yoyote.

Pesa yangu halisi ilikwenda kwenye ala na mkanda. Nilianza na ala ya kitambaa, kama dola kumi na tano. Ukichomoa bastola, mdomo wa ala unajifunga, na ukitaka kuirudisha inabidi uupanue kwa vidole. Siku moja nikaona pindo la kitambaa limeingia kwenye duara la triga. Nilitoka jasho. Glock haina kitufe cha usalama cha kufunga kwa kidole gumba, kwa hiyo ala ndiyo inayoilinda triga isiguswe. Ile ya kitambaa niliikata vipande ili asije mtu akaiokota, nikanunua ya Kydex, plastiki ngumu inayofunika triga yote, dola sitini hivi. Mkanda mgumu ukala arobaini nyingine. Na mkanda usiuchukulie kirahisi, kwa sababu ukiwa laini ala yoyote ile inaning'inia.

Bado mpini ulikuwa unaonekana. 43X ni nyembamba, kama milimita 28, lakini mpini wake ni mrefu ili ubebe risasi kumi, na joto la Houston halikuachii uvae koti. Mke wangu akasema, "Baba Asha, una kitu kimekutoka ubavuni, mtu yeyote anakiona." Kwenye ala kulikuwa na kipande cha plastiki kinachokandamiza mkanda na kuugeuzia mpini mwilini. Kilisaidia nusu. Nusu nyingine ilitaka kabari upande wa ndani, chini karibu na ncha ya mtutu, ili chini isukumwe nje na mpini ulale tumboni. Kabari za dukani zipo, ila nilikuwa na kandambili ya mguu wa kushoto iliyokatika kamba. Nikaichora kwa kalamu, nikakata kwa kisu cha mkate, nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, nikaibandika kwa utepe wa kunata unaobanduka. Mara ya kwanza niliiweka juu mno, ikausukuma mpini nje kuliko mwanzo. Nikaishusha sentimita mbili. Nikavaa fulana, nikaenda kusimama mbele ya mke wangu. Akanizunguka mara mbili, kisha akauliza nimeiacha wapi.

Vilengeo vya kiwandani ni vya plastiki, doti nyeupe mbele na mchoro mweupe nyuma, na jicho langu lilikuwa linababaika. Ule mchoro wa nyuma niliupaka wino mweusi. Doti ya mbele niliifuta kwa spiriti, nikaweka rangi ya kucha nyeupe kwa kijiti cha meno, ikakauka, kisha chungwa kali mara mbili. Hiyo nyeupe usiiruke, bila yake chungwa linafifia. Mpira wa baiskeli kwenye mpini nao niliujaribu: mkono haukuteleza, lakini fulana ilikuwa inanata, nikauvua.

Kwa wenzangu wa Texas: tangu tarehe 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bila kibali. Mimi nilichukua kibali hata hivyo, kwa ajili ya safari za majimbo mengine yanayokitambua. Aliye hapa kwa visa ya masomo asikimbilie dukani, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza.

Ile kandambili ya mguu wa kulia nayo haikubaki. Shemeji alikuja Jumapili na ala yake, akaondoka na kabari mbili.