Nilimwahidi Mungu nimeelekea ukutani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nilipanga tuendelee na waraka wa Wafilipi pale tulipoishia na nilikuwa nimeshaandika hadi nusu, ila Alhamisi imenivurugia kila kitu, kwahiyo Wafilipi watatusubiri.

Alhamisi ndo nimemaliza dozi ya TB. Miezi 6 kamili. Nesi kachukua kadi yangu kaandika, kaniambia haya mzee, makohozi ya mwisho yametoka safi, nenda kamshukuru Mungu. Nikatoka pale natembea kama kijana, nimevaa shati ambalo nilipoanza dawa lilikuwa linaning'inia mwilini utadhani limetundikwa kwenye msumari. Nikapita duka la kona, njia yangu ya siku zote. Yule kijana wa dukani kaniona kwa mbali, wala hakuniuliza nataka nini, kabla sijafika dirishani ameshatoa sigara mbili na kiberiti kaviweka pale, "za kwako mzee, umepotea sana". Na mimi mkono ukaenda mfukoni ukatoa hela. Sikufikiria chochote, sitaki kuwadanganya, mkono ulikuwa unaijua njia hata kichwa kisipokuwepo. Nakuja kushtuka niko barabarani nimeshika sigara mbili, siku ileile niliyoambiwa nimepona.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia mama watoto, nimeshika sigara hapa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema "usikate simu, njoo huku unaongea". Basi nikawa natembea naongea, ananiuliza mchele umefika shilingi ngapi, fundi wa paa kasemaje, yule mbuzi wa jirani leo kala nini tena, mara salio langu likakata. Nikasimama pale katikati ya njia kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Sijajua nifanye nini simu ikaita, kanipigia yeye. Nilifika nyumbani jasho linanitoka na zile sigara zimepondekapondeka kiganjani, tukazitupa chooni, na mke wangu akaenda kukoroga chai kama vile hakuna kilichotokea.

Wengi wenu hamjui kama navuta. Nilihakikisha hamjui. Mzee wa kanisa mwenye pipi za mint kwenye kila mfuko, mnakumbuka watoto wa Sunday school walikuwa wananiita babu pipi? Sasa mmejua pipi zilikuwa za nini. Miaka 22 navuta, na nimezaliwa Urambo, Tabora, ambako tumbaku ndo ilikuwa baba na mama. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye majani yale, nimelala kwenye mabani ya kukaushia tumbaku usiku kucha kuchochea kuni moto usizime, sadaka ya mavuno baba yangu aliitoa kwenye hela ya tumbaku na mchungaji akaibariki. Kwahiyo mkulima wa kule sina ubavu wa kumnyooshea kidole, hilo naliacha kama lilivyo.

Ugonjwa ulipokuja nilisema ni kikohozi cha vumbi. Wiki ya pili, ya tatu, jasho la usiku mpaka shuka linakamuliwa, kilo zikashuka kutoka 71 hadi 57, halafu siku moja nikatema mate kwenye sinki nikaona damu. Nikalazwa wiki mbili, maji yalikuwa yamejaa upande mmoja wa pafu ikabidi yatolewe kwa sindano ya mgongoni. Sitaisahau ile sindano. Na kitanda changu kilikuwa kimebanwa ukutani, ukuta wa kijani umebanduka rangi na kuna mtu kabla yangu alichora vijistari vya kuhesabu siku. Usiku nilikuwa nalala naangalia vile vijistari.

Ndo nikamkumbuka mfalme Hezekia. Mnaijua habari yake, Isaya 38 na 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa jipu, nabii Isaya kaingia chumbani hana hata pole, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Hezekia akageuza uso wake ukutani akaomba akalia sana, na Isaya hajatoka hata ua wa kati Mungu akamrudisha: mwambie nimeongeza miaka 15. Na mimi nikageuza uso ukutani. Nikasema Bwana ukinitoa hapa sigara basi, sishiki tena mpaka naingia kaburini. Nililia kweli, na amani niliipata, na nikajua nimesamehewa na sigara nimeshaacha.

Wiki ya tatu tangu nitoke hospitali nikavuta.

Hapo kabla sijaendelea niseme jambo moja kwa ukali kidogo mnivumilie. Kipindi kile kuna wapendwa walikuja nyumbani kuniombea, Mungu awabariki, lakini mmoja alipomaliza kuomba akaniambia sasa umepona kwa imani, hivyo vidonge kuendelea kumeza ni kumtilia Mungu mashaka. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, acha hayo maneno. Someni ile 2 Wafalme 20 mstari wa 7, Mungu ameshasema nitakuponya, ameshataja hadi miaka, na bado Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini waweke kwenye jipu. Tini ile haikuwa ukosefu wa imani. Dozi ya TB ukiikatisha katikati wale wadudu wanarudi wamekuwa sugu, dawa za kawaida haziwawezi tena na unawaambukiza wanao ndani ya nyumba. Unataka kuniombea niombee, ila usiniguse vidonge vyangu. Na hata kwenye sigara ni hivohivo, kama daktari ana dawa ya kukusaidia kuacha, meza huku unaomba. Nimemaliza, turudi.

Nilivuta kwa siri. Na hapa ndo kuna jambo ambalo limenitafuna wiki nzima. Ukianza dawa za TB kitu cha kwanza wanakuuliza ni nani atakusimamia, lazima utaje mtu, wanaandika jina. Mimi nilimtaja mke wangu. Kila asubuhi saa 12 kabla sijala kitu ananipa vidonge, anasimama pale mpaka nimeze nifungue mdomo, halafu anaweka tiki kwenye kadi. Nilikuwa naona kama dharau, mtu mzima naangaliwa kama mtoto wa chekechea. Mkojo ukatoka rangi ya chungwa, maana dawa ndo inafanya vile, nesi alinionya nisiogope, na kila nikiuona najua leo nimemeza. Basi nikishatiwa tiki yangu nazunguka nyuma ya choo cha nje, nawasha. Mapafu yaleyale, asubuhi ileile, dawa haijafika hata tumboni. Miezi miwili nilifanya hivyo wapendwa, na Jumapili nasimama mbele nasoma somo.

Siku moja nimekwenda kliniki, yule nesi akanisogelea kunipima, akavuta pumzi, akarudi nyuma. Hakunigombeza. Kaniuliza tu, "mzee, dawa nani anakusimamia?" Nikasema mke wangu. "Na sigara nani anakusimamia?"

Sikuwa na jibu, na sina jibu mpaka leo zaidi ya kusema nilimwachia ukuta. Ahadi yangu niliiambia ukuta wa wodi. Mungu alisikia, sina shaka kabisa, yeye hana tatizo la masikio, lakini mimi nilihakikisha hakuna binadamu hata mmoja aliyesikia, ili nikiivunja nisiwe na wa kumtazama usoni. Yaani nilipokuwa namwahidi Mungu nilikuwa tayari nimeacha mlango wa nyuma wazi. Nilikuwa naita ile maombi ya siri, Baba aonaye sirini, nimeipachika na Mathayo 6 juu yake. Jamani kuna siri ya kuomba na kuna siri ya kujificha, na mtu anajua ni ipi anayo, hata akiipaka aya.

Yakobo 5:16 tunaisoma sana kwenye ibada za wagonjwa, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Nimeisoma miaka yote nikiruka neno la kwanza. Tunapenda kuombeana, hiyo tunaiweza, kukesha tunakesha, mafuta tunapakana. Kuungama kila mtu anaangalia viatu vyake. Na angalieni kule kuponywa kumewekwa wapi. Nilikuwa naomba uponyaji wa upande mmoja tu wa mstari.

Siku ile nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Nimejiandaa njia nzima maneno ya kusema, nimefika nimesema mawili tu, akanikatisha, "najua. Mashati yako nafua mimi." Alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza! Nikamuuliza mbona hukusema, akasema nilikuwa nasubiri uniambie wewe, nikikuambia mimi utaacha kuvuta nyuma ya choo utaenda kuvutia mbali zaidi. Jumamosi yake nikawaita wazee wenzangu wawili nikawaambia. Mmoja akacheka mpaka akatoa machozi, nikakasirika, kumbe akaingiza mkono mfukoni akatoa kikopo cha ugoro akakiweka mezani. Tukaombeana pale watu watatu na kikopo katikati.

Na hapa naomba nilisemee kanisa, maana lawama si ya mvutaji peke yake. Kwanini nilijificha miaka yote ile? Kwasababu niliona wengine walifanywaje. Kuna baba hapa ushirika wetu aliungama kwenye kikundi cha maombi kwamba pombe inamshinda, kabla ya jioni ilikuwa imeshafika kwenye WhatsApp ya kwaya, na leo yule baba hayupo kanisani, na sisi ndo tunasema amerudi nyuma. Amerudi nyuma au tumemsukuma? Yakobo hakuandika ungameni halafu mpelekeane. Mtu akikuletea jeraha lake ukaenda kulionyesha sokoni, siku nyingine ataliacha lioze. Na wewe unayesema mimi sivuti wala sinywi, sawa, hongera, lakini ulimi wako umewahi kusimamiwa na nani? Nasema kwa upendo. Wengine mnajijua.

Tena kwa wababa. Hezekia aliongezewa miaka 15, mwanae Manase alianza kutawala ana miaka 12, fanyeni hesabu wenyewe, mtoto alizaliwa ndani ya ile nyongeza. Na Manase ndiye aliyekuja kufanya mabaya mengi sana. Siwezi kusema ni kosa la baba, Biblia haijasema hivyo. Ila mimi nimemtuma mwanangu wa miaka 11 dukani kuninunulia sigara, mara nyingi tu, wakati sheria ya nchi tangu 2003 inakataza kumuuzia mtoto, na yule mtoto anaijua aina ninayovuta kwa rangi ya pakiti kabla hajajua kusoma vizuri. Nimemwomba msamaha. Alijibu "sawa baba" akaendelea na mpira wake, na sijui ameelewa kiasi gani.

Kwa anayetaka kuacha nimwambie niliyoyaona, maana tafakari bila ukweli haisaidii. Siku tatu za kwanza ni mbaya, kichwa kinauma, unagombana na kila mtu hadi kuku, usingizi hakuna. Nesi aliniambia hamu ikikupanda ujue ni ya dakika chache tu itapita, ukiipa dakika tano unaishinda, na kweli inapita, tatizo inarudi. Maji nimekunywa mengi, karanga nimetafuna mpaka taya zimeuma. Kikohozi kinaweza kuongezeka mwanzoni, aliniambia kuna vinyweleo vidogo ndani ya njia ya hewa vinavyofagia uchafu, moshi unavilaza, ukiacha vinaamka vinaanza kufanya usafi. Mimi nilidhani TB imerudi nikakimbilia kliniki, wakanipima wakaniambia nenda nyumbani mzee. Hata hivyo kwa kikohozi kisichoisha msikae, wiki mbili nenda kapime makohozi, vituo vya serikali ni bure.

Mke wangu, mbali na kadi ya dawa, tangu niache sigara ana na kalenda ya kanisa pale sebuleni, kila jioni anaweka tiki. Leo ni ya 83. Ile Alhamisi alisimama na kalamu akaniuliza hapa niweke nini, umenunua lakini hujavuta. Nikamwambia weka tiki, na pembeni andika mbili. Ameandika. Mgeni akija akauliza hiyo mbili ni ya nini nitamweleza.

Kwahiyo hitaji langu la maombi wiki hii ni lile duka la kona, kuhama njia siwezi maana kwenda ibadani napita palepale. Nimeshaongea na yule kijana, kasema mzee nikikuona nitakupa pipi. Na kama kuna mtu anasoma hapa ana la kwake analovutia nyuma ya choo, liwe sigara au lisiwe sigara, namba yangu mnayo, nipigie hata saa 9 usiku, siku hizi muda huo nakuwa macho. Salio likikata nitakupigia mimi.