Ekseli ya kati na kifurushi kutoka mtandaoni

Baiskeli ilikuwa mtumba wa Kijapani: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, breki za V. Mdogo wangu aliinunua mwaka 2018 kwenye mzigo ulioshushwa Dar es Salaam, na aliuziwa kwa bei ya chini kwa sababu ukishika kranki, ile mikono ya pedali, na kuisukuma kulia na kushoto, zilicheza zote mbili. Ikicheza moja peke yake, boliti yake imelegea au tundu lake la pembe nne limetanuka. Zikicheza zote kwa pamoja, tatizo ni ekseli ya kati, ile inayopita ndani ya fremu na kuunganisha kranki mbili. Alitaka aende nayo Bagamoyo na kurudi, nami nikapewa kazi ya kuifufua.

Cheni niliipima kwa rula ya chuma. Cheni mpya, ukianzia katikati ya pini moja na kuhesabu pingili 24, unapata inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni peke yake. Ikizidi kwa moja ya nane, friwili, yaani rundo la gia za nyuma, nayo imeshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu. Hii ilikuwa imepita moja ya nane. Kwa hiyo orodha ya kununua ikawa ekseli, cheni, friwili, tairi mbili na tyubu zake, raba za breki, waya na kava, gololi za magurudumu yote mawili, na helmeti.

Mdogo wangu alitaka kila kitu kiagizwe mtandaoni. Picha zilikuwa safi, bei zilikuwa chini, na kijana wa siku hizi haoni sababu ya kubanana Kariakoo na jua lile. Nilikubali nusu. Kitu ambacho ukubwa wake umeandikwa juu yake na hauna tafsiri mbili, agiza. Cheni ya gia saba au nane ni ile ile popote duniani: upana wa ndani 3/32 ya inchi, mara nyingi pingili 116 kwenye boksi. Friwili ya kufungwa kwa nyuzi ni hivyo hivyo; nyuzi zake ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi, na zimeshakuwa kawaida ya karibu kila haba (kitovu cha gurudumu) ya aina hiyo. Raba za breki za V, milimita 70, hazina shida. Ila kitu kinachotakiwa kukaa kati ya vitu vingine viwili vilivyokwisha kutumika, kipeleke dukani ukiwa na cha zamani mkononi. Ekseli ya kati ni ya kundi hili. Yeye akaiagiza hata hivyo, pamoja na vile vingine, kwa kuwa usafirishaji wa kifurushi kimoja ulikuwa bei ile ile.

Hesabu ya kuagiza watu wengi huifanya nusu. Wanaangalia bei ya kitu, wanasahau kwamba ushuru haupigwi kwenye bei ya kitu peke yake; unapigwa kwenye bei, usafiri na bima vikijumlishwa, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa tayari na ushuru ndani yake. Tuseme spea za dola 30 na usafiri wa dola 20. Hiyo ni 50. Ushuru ukiwa asilimia 10, inakuwa 55. VAT ya 55 ni 9.90. Umefika 64.90, na bado hujagusa ada ndogondogo za kuutoa mzigo. Spea ya dola 30 imekula zaidi ya mara mbili ya bei yake. Ndiyo maana kuagiza kitu kimoja kimoja ni hasara, na kuagiza vingi kwa mkupuo kuna nafuu.

Helmeti ndiyo niliyoikatalia kabisa. Uzito wake ni kama gramu 300, lakini wasafirishaji wa ndege wengi hutoza kwa ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 30 kwa 25 kwa 20 linatoa kilo 3. Unalipia kilo tatu kwa kitu chepesi kuliko chupa ndogo ya maji. Halafu kikifika hakikai kichwani.

Kifurushi kilipokuja tulikifungulia mezani, kalipa, kile kipimo cha milimita, ikiwa karibu. Cheni ilikuwa sawa: maandishi ya mtengenezaji yamegongwa kwenye sahani za pingili, hayakuchapwa kwa wino. Friwili ilikuwa na meno 14 hadi 28, na ndani yake ule mduara wa mikunjo 12 ambao kifungulio cha kawaida huingia. Hilo ni la kuangalia kabla ya kulipa, maana friwili isiyo na kifungulio mjini siku ya kuitoa utaikata kwa tupa. Raba za breki, hamna neno. Ekseli ya kati, ile iliyofungwa na beringi zake ndani ya mkebe, bahasha ya muuzaji ilisema urefu ni milimita 122.5. Mkebe wenyewe ulikuwa umeandikwa 68-113, yaani upana wa bomba la fremu inamokaa na urefu wa ekseli, na kalipa ikasema 113.

Tofauti ni milimita 9.5, nusu kila upande, yaani kranki ya kulia ingeingia ndani karibu milimita 5. Kwenye baiskeli ya sahani tatu, yaani gia tatu za mbele, hiyo inatosha kuifanya sahani ndogo ikwangue bomba la fremu linalokwenda gurudumu la nyuma. Ingekuwa ndefu kupita kiasi, hitilafu ingekuwa ya kinyume: mkono wa gia wa mbele, ule unaosogeza cheni, haufiki kwenye sahani kubwa na cheni inatembea kimshazari. Muuzaji alijibu barua kwa adabu. Akasema tumrudishie, atatuma nyingine. Gharama ya kuirudisha Asia ilizidi bei ya ekseli. Tulipozungumza zaidi akarudisha nusu ya pesa, na ekseli ikabaki kwetu.

Jumamosi tukaenda Kariakoo, duka moja la spea nyuma ya Msimbazi, kranki na ekseli ya zamani zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwenye duka ni mzee wa miaka yake sitini, miwani imefungwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho ulichobeba ni nini, toa nikione."

Hakuuliza milimita. Ekseli yetu ya zamani ilikuwa ya gololi za wazi na vikombe. Aliipangusa grisi, akailaza juu ya kioo cha kaunta, kisha akafungua droo na kuanza kulaza nyingine kando yake, moja baada ya nyingine, ncha ya kushoto ikigusa ukingo wa rula. Ya kwanza ilikuwa ndefu sawasawa na yetu, lakini zile kingo mbili ambazo gololi huzizunguka zilikuwa zimeachana zaidi. Akairudisha. "Hiyo ya bomba la 73," akasema. "Yako 68." Ya pili, kingo zilikaa vizuri ila urefu ulipungua upande wa cheni. Ekseli za namna hii upande mmoja huwa mrefu kuliko mwingine, na ule mrefu ndio wa sahani. Ya nne ndiyo iliyolingana kote: urefu, kingo, na mteremko wa pembe nne. Aliichukua kranki yetu akaivisha kwa mkono mpaka ikakwama, akatazama ni kiasi gani cha ekseli kimebaki ndani ya tundu kabla ya uso ambao boliti hukalia. Kama ncha ingefika usawa wa uso huo, boliti ingebana ncha ya ekseli badala ya kubana kranki, na kranki ingelegea hata ukaze namna gani. Palibaki nafasi ya kutosha.

Hicho ndicho unachokilipia dukani, na hakionekani kwenye risiti. Mtandaoni ningepewa urefu na upana wa bomba. Umbali wa kingo, na kranki iliyokwisha kutanuka kidogo inaingia mpaka wapi, hakuna muuzaji wa mbali anayeweza kukujibu.

Alikuwa nayo pia moja ya mkebe, 68 kwa 122.5 kamili, ya jina nisilolijua. Kikombe chake cha kushoto kilikuwa cha plastiki. Nikaiacha. Plastiki nyuzi zake huliwa ukikaza na kufungua mara chache, na beringi za mkebe zikifa umetupa zote. Ya gololi za wazi, hata ikikufia katikati ya safari, fundi chini ya mwembe ana spana na grisi, na gololi anazo.

Gololi hizo alituhesabia papo hapo. Robo inchi kwa ekseli ya kati, 11 kila upande. Robo inchi kwa gurudumu la nyuma, 9 kila upande. Tatu ya kumi na sita kwa la mbele, 10 kila upande. Za ukubwa mmoja zote zilitoka pakiti moja, na hilo nililisisitiza. Ukichanganya mpya na za zamani, zile mpya ni kubwa kwa kiasi usichokiona kwa jicho, mzigo wote unabebwa na mbili tatu, na baada ya muda mfupi koni, ile nati ya ekseli ambayo gololi huizunguka, imechimbika mashimo.

Kwenye tairi ndipo wateja wengi huliwa, na mara nyingi muuzaji hana nia mbaya. Mjini kuna baiskeli za Kijapani za akina mama zenye tairi la 26 × 1 3/8, na kuna za milimani zenye 26 × 1.95. Zote zinaitwa ishirini na sita. Kijana wa dukani alituletea ya kwanza. Soma namba ya milimita iliyogongwa pembeni: ile ya akina mama ni 37-590, ya mlimani ni 50-559 au 47-559. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu pale waya wa tairi unapokaa. Tofauti ni milimita 31, hakuna ulazimishaji utakaoisaidia. Na ile ya baiskeli ya foniksi ya inchi 28, 635, haikai kwenye rimu la 622 ingawa pia huitwa ishirini na nane. Tulipata 47-559 za mistari ya kati laini, zinazofaa lami. Niliikunja tairi kwa vidole pembeni kutafuta nyufa, kwa sababu zinazoning'inizwa mlangoni hupigwa na jua miezi na mpira unakauka. Tukachukua zilizokuwa ndani, chini ya rundo. Tyubu nilichagua za valvu kama ya gari, zinazojazwa sheli yoyote.

Kava za waya zinauzwa kwa mita. Ya breki ni milimita 5, ndani ina chuma kilichosokotwa kama springi. Ya gia ni milimita 4, nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukitumia ya breki kwenye gia, springi ile hubonyea kila ukibadili, na gia saba hazitulii hata urekebishe siku nzima. Usifanye kinyume chake pia: kava ya gia kwenye breki inaweza kupasuka ukibana kwa nguvu, na hapo huna breki. Kijana aliikata kwa plaizi butu, mdomo ukabanwa. Nyumbani nililainisha kila ncha kwa tupa na kuifungua tundu kwa msumari.

Helmeti mdogo wangu alijaribu pale pale. Kichwa chake sentimita 57, juu ya nyusi. Nyingi zilikuwa ganda na sponji laini tu, ukibonyeza ndani kwa kidole gumba sponji inazama. Hizo ni mapambo. Iliyofaa ilikuwa na povu gumu jeupe na lebo ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Akaifunga mkanda, akainama, akatikisa kichwa, haikusogea.

Wakati wa kulipa mzee aliiona ile ekseli ya 113 kwenye mfuko. Akaizungusha kwa vidole, akaisikiliza. "Hii naiweka kwa baiskeli ya sahani moja. Chukua tyubu mbili na gololi, tumalizane."

"Mzee, ongeza na waya wa breki."

"Kijana, utanifungia duka." Akaongeza mmoja.

Kazi ya kufunga ilikwenda jioni moja. Kikombe cha kulia nyuzi zake ni za kushoto, kwa hiyo kinafunguka ukizungusha kufuata saa. Fremu nyingi huharibiwa na mtu asiyejua hilo akiwa na bomba refu kwenye spana. Friwili ya zamani ilitoka kwa kubana kifungulio kwenye jiliwa na kuzungusha gurudumu lenyewe kama usukani, na nyuzi zikapakwa grisi kabla ya mpya. Cheni niliipitisha kwenye sahani kubwa na gia kubwa ya nyuma bila kupita kwenye mkono wa gia, nikaongeza pingili mbili, nikakata hapo. Boliti za kranki zilikazwa hadi karibu Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Kwenye mlima wa kwanza cheni iliruka, lakini kwenye sahani ya kati peke yake, gia zote za nyuma. Ingekuwa friwili, ingeruka kwenye gia moja ya nyuma na kutulia kwenye nyingine. Sahani zile zilikuwa zimepigwa ribiti, hazifunguki moja moja. Alikwenda Bagamoyo na kurudi kwa ndogo na kubwa, na Jumamosi iliyofuata tukarudi kwa mzee na kranki mkononi, na safari hii ekseli mpya nayo tukaibeba.