Siku moja na darubini Masaka

Kazi yangu ni kuzunguka shule za Uganda na darubini, kufundisha watoto anga la usiku. Wengi hudhani napiga ramli. Hii ni Alhamisi moja ya Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa.

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye taksi, yaani basi dogo la abiria, Kampala, darubini imelipiwa kiti chake. Tunavuka ikweta pale Kayabwe, saa nne niko shuleni.

Saa nane mchana, darasa la sita. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Wa jua hutufikia baada ya dakika nane hivi. Nauliza nani amewahi kuona taa ikivuta wadudu, darasa zima linacheka. Mvulana mmoja anakuja ubaoni kuchora mtego wa mjomba wake: balbu kali juu, mabati yameegemezwa kwenye mapipa, senene wanagonga bati na kuteleza ndani. Basi nusu ya somo langu wameshaijua. Iliyobaki ni kwamba mwanga unaopanda juu haummulikii mtu njia. Unang'arisha anga mpaka nyota hafifu zinamezwa.

Saa moja na nusu usiku mwezi haupo, mawingu yamepasuka, watoto wako uwanjani na mablanketi. Na taa ya usalama ya LED inawaka ukutani, nyeupe, inatupiga usoni. Nawaambia wahesabu nyota za Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, upande wa mashariki. Wengi wanapata nyota tatu.

Askari wa zamu, mzee aliyepitia jeshini, hataki kusikia.

"Mwalimu, mimi nalinda watoto. Taa haizimwi."

"Afande, saa moja tu."

"Mwalimu mkuu aseme."

Simu ya mwalimu mkuu haipatikani. Mwalimu wa zamu anaogopa kuamua. Ufunguo wa chumba cha swichi uko kwa mhasibu, na mhasibu yuko mjini. Saa mbili ikapita, wadogo wakaanza kusinzia, miguu yangu inawaka moto. Nikaacha kabisa habari za nyota. Nikamwomba mzee asimame nilipo, nikamtuma msichana mmoja akasimame kando ya taa, penye kivuli.

"Unamwona, Afande?"

Hakumwona. Akainua kiganja kuuziba ule mng'ao, na hapo akamwona, mpaka viatu.

Akatazama taa kwa muda. Kisha akaleta ngazi mwenyewe, na debe la mafuta ya kupikia lililokatwa. Tukalifunga kwa waya juu ya taa, mwanga ukashuka chini. "Sasa hata lango naliona," akasema.

Macho huhitaji dakika ishirini au thelathini kuzoea giza. Tukangoja. Kilimia sasa sita. Msichana yule anasema saba, na habishiki. Nikawaambia mwanga huo uliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita.

"Kwa hiyo labda zimeshazimika?"

Hapana. Kwa umri wa nyota, huo ni muda mfupi mno.

Kwenye darubini kulikuwa na foleni, kila mmoja akisukumwa ndipo aondoe jicho. Nyuma ya vilima mitego ya senene iling'aa, na sikumwambia mtoto yeyote kwamba mjomba wake azime: senene hulipa ada. Taa ya shule, kwa upande wake, haivui chochote.

Mwalimu mkuu alipiga simu nikiwa nafunga mizigo. Nikamwomba debe libaki, na taa nyingine zifunikwe vivyo hivyo. Akasema ataliangalia asubuhi. Asubuhi nitamngoja langoni, taksi ya Lyantonde haiondoki mpaka ijae.