Nyumba ina hati, je, kiwanja cha pembeni ni cha nani?

Mnunuzi akishaona jina la muuzaji limo kwenye hati na kwenye daftari la msajili, moyo hutulia. Kile kiwanja cha pembeni chenye vichaka hakiulizii, kwa kuwa hakinunui. Lakini nyumba nyingi hutegemea ardhi ya jirani kwa mambo yasiyoonekana siku ya kwenda kuangalia, na mwenye kiwanja akijitokeza, hayo ndiyo anayoanza nayo.

Kwa hiyo anza na nyumba yenyewe. Izunguke polepole, ramani ya upimaji mkononi. Gari linaingilia wapi? Bomba la maji limepita wapi? Funua chemba ya maji taka, mtu avute maji chooni, utazame yanakokimbilia. Shimo la choo lililochimbwa nje ya ukuta lina mwenye ardhi wake. Geti likifungukia kwenye kiwanja hicho, usilipe chochote mpaka ujue kama kuna haki ya njia iliyosajiliwa. Ruhusa ya mdomo aliyopewa muuzaji haikulindi wewe.

Ukuta nao usiuchukulie kuwa ndio mpaka. Mpaka unafuata bikoni, yaani alama za mpima zilizosimikwa kwenye kona za kiwanja; ukuta ulifuata kamba ya fundi. Simu haisaidii hapa: GPS yake hukosea mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya miti au kando ya majengo hukosea zaidi, wakati ugomvi wenyewe unaweza kuwa wa nusu mita. Mlipe mpima ardhi mwenye leseni afufue mipaka, aweke alama kila kona, na akupe ripoti yenye saini inayoonyesha umbali wa msingi, ukuta na upenu kutoka mpakani. Upenu husahaulika sana. Ukuta wa nyumba ukiwa sentimita 40 ndani ya mpaka na upenu umechomoza sentimita 60, basi sentimita 20 za paa zinaning'inia kwa jirani, na maji ya mvua ya upande huo yote yanamwagika kwake.

Sasa ombea kiwanja hicho upekuzi masjala ya ardhi, kana kwamba unakinunua wewe. Likitoka jina la marehemu, jua mirathi huenda haijafungwa. Ukiandikishana na mtoto mmoja kuhusu njia au mtaro, wenzake hawafungwi na karatasi hiyo. Dawa ni kusubiri msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria. Likitoka jina la kampuni iliyofutwa, katika nchi nyingi mali ya namna hiyo huangukia serikalini.

Linalotutia hofu zaidi ni jibu la kwamba hakuna kumbukumbu. Inaweza kuwa ardhi ya ukoo ambayo haijapimwa, au eneo lililotengwa kwa barabara, mto au njia ya umeme. Hapo nenda ofisi ya mipango miji ukatazame mchoro wa eneo, kwa sababu hifadhi ya barabara inaweza kuwa imekula hata sehemu ya ua unaouziwa, na ubomoaji hautamuuliza muuzaji.

Muuzaji akikwambia, "Hata hapo ni pangu, miaka yote nalima," bei ibaki ya kilichomo kwenye hati tu. Ni kweli kwamba sheria za nchi kadhaa humpa haki aliyekalia ardhi muda mrefu bila kuzuiwa, miaka 12 katika baadhi yake, lakini haki hiyo lazima ithibitishwe rasmi, na mara nyingi haigusi ardhi ya umma. Kumbuka pia kwamba inakata pande zote mbili: aliyelima kuvuka bikoni kuja kwako naye anaweza kuidai.

Ukiamua kuendelea, wakili aandike kwenye mkataba kwamba muuzaji anathibitisha hakuna mgogoro wa mpaka, na kwamba sehemu ya fedha inabaki kwa wakili mpaka ripoti ya mpima ipatikane na kilichovuka mpaka kirudishwe. Siku ya makabidhiano, piga picha kila bikoni ikiwa na kitu cha kudumu nyuma yake, ukiandika umbali kutoka kona ya nyumba. Bikoni huweza kung'oka siku katapila linaposafisha vichaka vya pembeni, na utahitaji kuonyesha ilikuwa wapi kabla msingi wa jirani haujamwagwa.