Kuongeza vyumba kwenye nyumba ya wazee: kazi yote iko kwenye maungio

Kwetu tunaongeza vyumba viwili na bafu nyuma ya nyumba waliyojenga wazazi, nyumba ambayo sisi wote tumekulia humo, na toka tuanze kuongelea hii ishu kila mtu ana lake, huyu anataka dirisha kubwa, yule anauliza rangi, mwingine vigae. Mi nimejikuta nawaza kitu kimoja tu, pale ukuta mpya utakapokutana na ukuta wa zamani. Ule mstari mmoja kutoka chini ardhini mpaka juu kwenye bati. Ukishaelewa kinachotokea pale basi umeelewa karibu kazi yote, na ukipuuzia pale hata uweke vigae vya dhahabu nyumba itakuchanika tu mbele ya macho yako.

Manake ni hivi. Nyumba ya zamani imeshakaa. Ule uzito wake wote umeshakandamiza udongo chini miaka na miaka, udongo umeshajibana kiasi chake na umetulia. Sasa wewe unakuja na msingi mpya pembeni, juu ya udongo ambao haujawahi kubeba kitu zaidi ya majani, unapandisha tofali, unaweka zege, unaweka paa, lazima ule upande mpya ushuke kidogo. Kwenye udongo wa kichanga kushuka kwingi kunaisha wakati bado mnajenga, lakini kwenye mfinyanzi kunaweza kuendelea taratibu kwa miaka, alafu mfinyanzi nao mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa. Kwahiyo una nyumba mbili, moja imetulia na nyingine bado inatafuta pa kukaa, na wewe unataka kuzifunga pamoja ziwe kitu kimoja.

Hapa ndo nilipobishana na fundi wa kwanza tuliyemuita. Yeye alitaka kutoboa ukuta wa zamani, achomeke nondo, amwage zege zishikane "zisiachane tena milele". Ukisikia hivo unaona ni uimara. Ila fikiria, upande mmoja unashuka na mwingine haushuki na umezifunga kwa nondo, ile nguvu inaenda wapi? Inaenda kupasua, na itapasua mahali ambapo wewe hujachagua, mara nyingi kwenye ukuta wa zamani juu ya dirisha au mlango maana ndo dhaifu zaidi. Mi nasema bora uchague mwenyewe ufa utakaa wapi. Unaacha nafasi nyembamba ya milimita 10 hivi kati ya kuta mbili, kutoka juu ya msingi mpaka juu kabisa, unaijaza na kitu kinachobonyea, na kama unataka kuta zisiyumbe kushoto kulia kuna vyuma maalum vya kufunga ukuta kwenye ukuta ambavyo vinaruhusu upande mmoja kuteleza juu chini. Mhandisi tuliyempelekea mchoro alikubali hilo moja kwa moja, na ni mtu wa kumlipa jamani, msimkwepe, hela yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa.

Ila kabla hata ya kuchimba, isome kwanza nyumba ya zamani. Zunguka nje na ndani uangalie nyufa zote. Ule ufa wa nywele, chini ya milimita 1, mara nyingi ni lipu tu. Unaopanda kama ngazi kwenye mistari ya tofali, alafu juu ni mpana kuliko chini, huo unakwambia kona imeshuka au inashuka. Sisi tuliweka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa na tarehe pembeni, yaani kitu rahisi hivyo, alafu unausubiria msimu wa mvua na wa kiangazi vyote vipite. Ufa ukivuka penseli, nyumba bado inatembea, na hapo shida ya zamani ndo ya kutibu kwanza, inaweza ikawa bomba linavuja chini ya ardhi au mti mkubwa unanyonya maji karibu na msingi, usije ukaongeza mzigo juu ya ugonjwa.

Chimbeni pia shimo dogo pembeni ya ukuta muone msingi wa zamani umeenda chini kiasi gani. Hili watu wengi hawafanyi!! Nyumba nyingi za zamani msingi wake ni mfupi, wakati mwingine ni mawe tu yamepangwa. Sasa mchoro wako mpya unasema uchimbe mita 1, na wa zamani umeishia nusu yake. Ukichimba mtaro mrefu wote kwa siku moja pembeni ya ukuta umeshauondolea udongo uliokuwa unaushikilia, na mvua ikipiga usiku huo... kuta zinaanguka hivi, na watu wanafia humo. Kwahiyo sehemu inayogusa nyumba ya zamani inachimbwa vipande vipande, kipande cha kama mita 1, mnamwaga zege, mnaruka, mnachimba kingine mbali, mkishakiacha kikashika mnarudi kwenye zile mlizoruka. Inachelewesha ndio. Njia nyingine ni kusogeza msingi mpya mbali kidogo na ukuta alafu jamvi la zege, yaani bamba la sakafu, lije juu ya msingi huo mpaka karibu na ukuta, ila hiyo nondo zake zipigiwe hesabu na mhandisi, sio kukadiria.

Na zege lipewe muda wake. Kile kipimo cha nguvu ya zege kinachoandikwa kwenye michoro ni cha siku 28, na siku 7 za mwanzo ni za kumwagilia maji asubuhi na jioni, au kufunika kwa nailoni, maana zege haligandi kwa kukauka, linaganda kwa kukutana na maji, likikaukiwa mapema linabaki bovu hata kama kwa macho ni gumu. Mafundi wanaolipwa kwa kazi sio kwa siku huwa hawapendi hii habari, we simama hapo hapo.

Unyevu sasa. Nyumba mpya tunaweka ile karatasi ya kuzuia maji kwenye ukuta, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ili maji ya ardhini yasipande kwenye tofali. Nyumba za zamani nyingine hazina kabisa. Ukizigusanisha ukuta kwa ukuta, ule unyevu wa zamani unahamia kwenye chumba kipya pembeni, unaona rangi inatoa malengelenge na ule unga mweupe wa chumvi alafu unamlaumu fundi rangi bure. Kwahiyo ile karatasi ipandishwe pia wima pale kwenye maungio, kati ya ukuta na ukuta, toka chini mpaka juu. Kama ya zamani ipo basi mpya ilaliane nayo. Na angalieni msije mkajaza kifusi nje kikapita ule usawa, kila kitu kilichofanywa kinakuwa kazi bure.

Kama nyumba ni ya chokaa au udongo ndo uwe makini mara mbili. Saruji hii tunayoitumia ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, kabla ya hapo watu wamejenga kwa chokaa na udongo karne na karne na mpaka leo nyumba hizo zipo. Zinadumu kwa sababu maji yakiingia ukutani yanatoka tena, ukuta unakauka. Ukija ukazipiga lipu ya saruji ili zifanane na upande mpya umefunga njia ya kutokea, maji yanabaki ndani, ukuta unalainika taratibu na lipu inadondoka ikiwa imebeba na kipande cha ukuta. Rekebisha chokaa kwa chokaa. Mimi sioni kabisa ulazima wa zile pande mbili kufanana, ya zamani ina sura yake na mpya ina yake, kwanini uwekwe uongo ukutani.

Paa ndo litakalokutesa ukikosea. Kama una kimo cha kutosha, njia salama ni la upande mmoja, linaanzia chini ya paa la zamani na kushukia nje, maji ya paa la juu yanadondokea juu ya la chini na safari imeisha. Ukitaka kuunganisha kenchi kwa kenchi (zile fremu zinazobeba paa) unapata lile bonde ambapo mapaa mawili yanamwagia maji sehemu moja, na majani yote ya mti yanaishia hapo. Sio kwamba haifai, ila lile bati la bonde liwe pana, lipande vya kutosha chini ya mabati pande zote mbili, na mtu awe na njia ya kupanda kulisafisha. Pale bati linapogusa ukuta wa zamani, kile kibati cha kufunikia maungio kipandishwe ukutani sentimita 15, kichwa chake kiingizwe ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta, sio kubandikwa na lami juu juu. Na kumbuka ukuta mmoja unashuka, kwahiyo kisipigwe misumari pande zote.

Kabla hamjagusa paa la zamani jueni ni la kitu gani. Yale mabati ya kijivu ya mawimbi yanayofanana na saruji, kwa nyumba za zamani inaweza kuwa asbesto. Usikate, usitoboe, usivunje, usifagie vumbi lake. Nchi nyingi zimeshaipiga marufuku maana vumbi lake linaleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Tafuteni wanaoruhusiwa kuitoa, sehemu nyingi ni kosa hata kuitupa ovyo.

Bomba za maji machafu nitapita haraka: tafuta chemba zote (vile vishimo vyenye mfuniko vya kukagulia bomba) kabla ya kuchora, kama ipo pale chumba kinapokuja ihamishwe nje, na bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 mpaka 2 na nusu kila mita. Umeme vile vile, usivute tu waya kutoka soketi ya sebuleni, chumba kipya kiwe na laini yake toka kwenye boksi kuu, muulize fundi umeme kama waya wa ardhi kweli upo (nyumba za zamani nyingi haupo au umekatika) na aweke ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, hasa kwa ajili ya bafu.

Kitu ambacho naona hakisemwi ni chumba kinachobaki katikati. Ukiongeza nyuma, chumba kilichokuwa na dirisha nyuma kinakuwa pango. Mama yetu analala chumba hicho, kwahiyo kwangu hili lilikuwa kubwa kuliko bafu lenyewe. Sheria za ujenzi za sehemu nyingi zinataka dirisha lisipungue kama sehemu ya 10 ya sakafu na lifunguke kwenye hewa ya nje, dirisha linalofungukia kwenye chumba kingine sio dirisha. Tulichora na kufuta sana mpaka tukakubaliana hivi: jengo jipya halitabana ukuta wote wa nyuma, linaanzia upande wa korido, na chumba cha mama kinabaki na dirisha lake na uwanja wake. Vyumba vyetu vimekuwa vidogo kidogo, wadogo zangu walinuna, lakini mzee alisema neno moja tu kwamba nyumba iliyowalea isifanywe ukuta wa nyuma wa nyumba nyingine, na mjadala ukaishia hapo.

Korido lenyewe lina dirisha mwishoni, na hilo dirisha ndo litakuwa mlango wetu. Hii nawashauri wote mnaopanga: badala ya kutoboa ukuta mahali papya, chukua dirisha lililopo. Linta yake, yaani ile boriti ya juu ya dirisha, ipo tayari, imeshabeba ule uzito, unachotoa ni zile kozi (mistari ya tofali) za chini ya dirisha tu. Ukitaka kupanua zaidi ya pale basi mambo yanabadilika, lazima mirunda isimame pande zote mbili za ukuta kwanza, linta mpya iingie ndefu na ilale angalau sentimita 15 kila upande, ishike vizuri, ndo tofali la chini liguswe. Sakafu mpya tumeipima kwa pima maji ya mpira kutoka sakafu ya korido, zije sawa kabisa, mama magoti hayamruhusu tena kupanda hata kidaraja kimoja.

Na pale mlangoni ndo ile nafasi ya milimita 10 itaonekana, ukutani mpaka darini. Fundi tuliyenaye sasa aliuliza aipige lipu ipotee. Hapana. Inajazwa na ule mpira laini wa kuziba, alafu juu yake ubao mwembamba uliopigwa randa wa kufunika, na misumari ya huo ubao inapigwa upande wa ukuta wa zamani peke yake.